Bibi Aliyeniuliza Kama Nimesali

Bibi hakupenda mtu afungue bomba la maji kimyakimya. Ukifungua bila kusema kitu, hata kama yeye yuko chumbani na mlango umefungwa, utamsikia: "Nani huyo anaiba maji?" Kwake yeye maji yaliyofunguliwa bila bismillahi yalikuwa ya wizi. Gesi hivyo hivyo, na mlango wa friji, na dawa ya presha, na gari kabla halijawashwa. Mjukuu wake akisahau anarudishwa mpaka mlangoni aingie upya.

Nilikaa naye miaka sita katika mji wa Ibra, Uarabuni, nyumbani kwa binti yake. Binti huyo anafundisha shule ya wasichana, na kule mwalimu wa kike anaitwa abla, basi na mimi nilimwita Abla. Niliajiriwa kwa kazi za nyumba. Mwezi haujaisha kazi yangu ikawa Bibi. Mambo ya ukoo wake na walivyotoka Unguja siyaandiki, wenyewe wanayajua. Naandika yale niliyoyaona nikiwa nimeshika ndoo.

Mimi ni Mkatoliki, mama wa watoto watatu, kwetu Morogoro. Shule nimeimalizia ukubwani, masomo ya jioni pale parokiani, mtoto mgongoni. Siku ninaaga, mama yangu hakulia. Alinishika mkono akasema, "Wengine wanarudi na mabegi, lakini moyoni hamna kitu. Wewe hata ukirudi mikono mitupu, rudi Mkristo." Nikaondoka na woga huo. Kazi sikuiogopa, wala joto. Niliogopa nitakaa miaka bila kanisa mpaka siku moja nikute sina Mungu, kama mtu anayejishika sikio akakuta hereni haipo na hajui ilidondoka lini.

Kwa sababu Ibra kanisa hakuna. Liko Maskati, na kwa basi ni mwendo. Abla alinipa Ijumaa moja kila mwezi. Kule mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili watu wako kazini, kwa hiyo hata Misa ya Jumapili tuliisali Ijumaa. Bibi alipolisikia hilo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ijumaa? Ijumaa yetu hii?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na Jumapili yenu mmeiuza?"

"Jumapili huku ni siku ya kazi, Bibi. Sasa tufanyeje?"

"Kha! Ijumaa mmetuchukulia, basi si mje na msikitini kabisa, mkamilishe!"

Hilo la mwisho hakulitania tu. Alinitaka nisilimu, na hakunificha. Kila ikikaribia Ramadhani anaanza. "Mwanangu, wewe mtu mwema, itakuwa hasara uungue." Namwambia, "Bibi, mimi nina Mwokozi wangu, hataniacha niungue." Ananuna. Chakula cha mchana anakula amegeukia ukutani. Saa kumi ananiita nimkune mgongo kama vile hakuna lililosemwa. Hatukuwahi kumaliza ugomvi huo. Sikuyumba, na yeye hakuacha.

Lakini akija mgeni akanishika mimi kuhusu dini, Bibi anageuka. Siku moja walikuja wanawake kunywa kahawa, mmoja akanikamata mkono na sinia langu, akaanza kunihubiria kwa Kiarabu na Kiswahili mchanganyiko. Bibi akamwambia, "Mwache."

"Namfanyia kheri, dada yangu."

"Kheri yako kamfanyie wa kwako. Huyu wangu. Nikimtaka nitamwambia mwenyewe." Kisha akanigeukia: "Na wewe umesimama nini kama nguzo? Tende zimekwisha!"

Ulimi wake ndio huo. Kiswahili changu alikiita cha shoka, ati kinakatakata. Akimsema jirani anamsema mpaka anamvua nguo, halafu anashika mdomo, "Astaghfirullahi," anatulia kidogo, halafu, "Lakini ni kweli." Jumatano nilikuwa nampeleka soko la wanawake, lile ambalo wanaume hawaingii, akagombane. Nasema akagombane kwa sababu kununua hanunui sana. Kuna mama mmoja muuza ubani waliwahi kutupiana maneno mpaka watu wakasimama kutazama. Tumefika nyumbani, akanipikisha boko-boko, ngano na nyama nimezisonga mpaka mkono ukafa ganzi, akaijaza bakuli, akamwagia samli juu. "Mpelekee yule mwehu wa ubani. Ana mgonjwa nyumbani." Nikamuuliza mbona wamegombana asubuhi. Akasema, "Sasa nani kakwambia ugomvi unakataza mtu kula?"

Sukari ilikuwa inamuua naye anaificha. Niliwahi kukuta halua ndani ya mto, imefungwa kwenye mfuko wa dawa. Kwa daktari anaapa hajaonja tamu tangu Idi. Daktari anatazama karatasi ya damu, anamtazama Bibi, Bibi anatazama dari. Tukitoka nje ananiambia, "Usinitazame hivyo. Mwenyezi Mungu anajua udhaifu wangu. Daktari ndiye ana haraka."

Sasa nieleze hili la sala, maana ndilo lililonifanya niandike.

Bibi akishamaliza adhuhuri, akikunja mswala tu, anaita, "Na wewe ushasali?" Mara ya kwanza nilijibu ndiyo ili yaishe.

"Muongo. Nimekutazama. Ulikuwa wakosha mchele."

"Nimesali nikiosha, Bibi."

"Inajuzu kwenu?"

"Inajuzu."

"Na nguo hiyo, na mikono hiyo ya samaki?"

"Ndiyo, Bibi."

Akafikiri. "Dini yenu nyepesi," akasema, akaenda kulala.

Mimi nikabaki pale na aibu, kwa sababu sikusali wala nini. Nilikuwa nawaza ada ya shule ya mwanangu. Nilikuwa nimemdanganya bibi wa watu kwa jina la dini yangu. Kesho yake nikajua ataniuliza tena, nikaona afadhali jibu liwe kweli. Nikauosha mchele na Baba Yetu. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yakawa meupe. Alipouliza "Ushasali?" nikajibu ndiyo, na safari hii niliweza kumtazama.

Ikawa hivyo kila siku. Mchele, halafu vyombo, halafu kukunja nguo: kanzu ya mtu ninayoikunja, namwombea mwenye nayo. Nyumbani nilikuwa Mkristo wa Jumapili, niseme ukweli. Kwaya, jumuiya, kitenge cha parokia, nilikuwa navyo. Kuzungumza na Mungu Jumanne saa tano asubuhi jikoni sikujua. Nimefundishwa na mama wa Kiislamu ambaye hakukusudia kunifundisha.

Nilianza na ishara ya msalaba kabla ya kuwasha jiko, kama yeye na bismillahi yake. Siku moja nimefungua gesi, nimefumba macho, natuliza moyo, nasema kwa Jina la Baba. Nikasikia nyuma yangu: "We! Wafanya nini?"

"Naomba, Bibi."

"Basi omba kwanza ndiyo ufungue gesi! Wataka tuonane na Mola leo leo, na mimi sijala?"

Tukafungua madirisha yote. Siku nzima alikuwa ananusa kila akipita, anatikisa kichwa.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Nyumba nzima imefunga, wao kwa namna yao na mimi kwa namna yangu, na Bibi akawa ananiuliza kila siku kama kufunga kwangu ni kwa kweli maana aliniona nakunywa maji. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja. Abla aliniahidi tangu Pasaka iliyotangulia: Alhamisi Kuu mpaka Pasaka niende Maskati. Siku nne. Kulikuwa na dada mmoja Mkenya wa kanisani angenilaza kwake. Mwaka mzima nilikuwa naishi kwa kuzitazama siku hizo nne.

Mifungo yenyewe ilikuwa haijaanza, Bibi akateleza bafuni.

Nyonga. Wakampasua, wakamrudisha nyumbani na kitanda cha hospitali. Abla akaleta dada mwingine wa kunisaidia. Bibi akamkataa siku ya kwanza: "Huyu ananishika kama nina upupu." Siku ya tatu akamrushia taulo. Siku ya sita yule dada akaomba kuhamishwa. Ijumaa yangu ya mwezi ule ikafa, na ya mwezi uliofuata. Wiki Takatifu ilipoingia, Abla alinifuata kwenye chumba cha kufulia. Macho yalikuwa mekundu.

"Nisamehe," akasema. "Nimekuahidi, najua. Lakini kumwinua peke yangu siwezi, na ndugu yangu yuko Manah hawezi kuja mpaka Idi. Ukisema unakwenda sitakuzuia. Wallahi sitakuzuia."

Angenizuia ingekuwa rahisi, ningepata wa kumkasirikia. Nikamwambia sitakwenda. Alipotoka nikajifunga mle ndani, mashine inazunguka, nikamwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia nimemtunzia ahadi ya mama yangu katika nchi ya watu, na yeye hata siku nne ameshindwa kunitunzia. Nikamwambia kama ananitaka anajua nilipo.

Siku tatu zilizofuata sikusali. Nilikosha mchele kama mchele. Bibi aliuliza "Ushasali?" nikaendelea kukosha, na yeye, hilo lilinishangaza, hakuuliza mara ya pili.

Alhamisi Kuu jioni ikafika. Jikoni sambusa zinakaangwa, watoto wamekaa na tende mbele yao wanasubiri adhana. Bibi anataka kutawadha kwa ajili ya magharibi. Abla akamwambia, "Mama, wewe mgonjwa, umeruhusiwa kutayamamu kwa vumbi safi, khalas."

"Vumbi la Ibra nimelila miaka hamsini, usoni silitaki. Maji yapo. Mwite mwenzangu."

Mwenzangu ndiye mimi. Nikaleta beseni, jagi la maji ya vuguvugu, taulo nikajifunga kiunoni nisilowe. Nikammiminia mikono, kinywa, pua, uso, viwiko, akapaka kichwa. Ikaja miguu. Nikapiga magoti sakafuni, nikachukua mguu uliokuwa karibu.

"Kushoto?" akapiga kelele. "Wamtawadhisha shetani? Kulia kwanza!"

"Samahani, Bibi."

"Miezi miwili sasa na bado hujui kulia."

Nikashika wa kulia. Kisigino kimepasuka, kucha zina hina ya zamani imebaki nchani tu. Mguu mwepesi kama wa mtoto. Nikamimina.

"Baina ya vidole, mwanangu, baina ya vidole. Waosha mguu au wapaka mlango rangi?"

Nikaingiza vidole vyangu baina ya vidole vyake. Na hapo, taulo kiunoni, magoti sakafuni, ndipo nikakumbuka leo ni siku gani. Saa ile ile Morogoro padri alikuwa anavua vazi la juu, anajifunga taulo, anapiga magoti mbele ya watu kumi na wawili. Utotoni nilikuwa nasimama nyuma sana, vichwa vya watu wazima vinanikinga. Miaka yote hiyo sijawahi kuiona miguu yenyewe.

Sikuona nuru yoyote. Maji yalikuwa yanapoa na goti linaniuma. Nilijua tu yupo, kama unavyojua kuna mtu chumbani kabla hajakohoa. Nilikuwa nimemnunia siku tatu, na alikuwa kwenye beseni.

"Umenyamaza nini?" Bibi akauliza. "Umelala?"

"Hapana, Bibi. Leo kwetu ni siku ya kuosha miguu."

"Siku gani hiyo?"

"Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Usiku wa kabla ya kuuawa."

Nikajua tutagombana juu ya kuuawa, maana hilo hawalikubali. Akaliruka. "Yeye ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye."

"Na wao wamekaa tu, waoshwa?"

"Mmoja alikataa."

"Ee. Huyo alifunzwa adabu kwao."

"Akaambiwa akikataa kuoshwa, basi hana fungu naye."

Jikoni mafuta yanachemka. Bibi akautazama mguu wake mkononi mwangu, kama mtu anayetazama kitu alichoazimwa.

"Haya," akasema. "Na mimi sikatai. Maliza huo wa kushoto, adhana hiyo."

Nilimaliza. Nikamgeuza kuelekea kibla, nikamwekea mito, akasali amekaa. Mimi nikaenda kumwaga maji bustanini, kwenye shina la mlimau, nikasali Misa yangu yote niliyoikumbuka, nimesimama na beseni tupu.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi kanisa si lazima. Nilipoachiwa Ijumaa yangu, wiki nyingi baadaye, nilipokea Komunyo nikalia hadi yule dada Mkenya akanitoa nje akidhani nimefiwa. Njaa ya Ekaristi haizimwi na beseni. Ninachosema ni kwamba ule woga niliokuja nao uliniondoka jioni ile na haujarudi. Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayemtunza Mungu asinipotee.

Na Bibi hakubadilika hata kidogo. Siku ya Pasaka yenyewe nilimpelekea chai, akaniambia, "Nimefikiri habari yako ile ya miguu. Wewe umekaribia kabisa. Kimebaki kidogo tu. Silimu."

"Bibi, hata wewe kimebaki kidogo."

"Astaghfirullahi! Toka!" Nilipofika mlangoni nikamsikia anacheka peke yake. Kisha: "Na chai hii irudishe. Haina rangi."

Alitembea tena, kwa kigongo. Mwaka uliofuata akaanza kusahau. Aliniita majina ya watu wa Unguja waliokwisha kufa, aliuliza kwa nini hatuendi Forodhani. Halafu mtoto wake wa kiume akamchukua kwake Manah, nyumba yake iko chini, haina ngazi, na mkewe hafanyi kazi ya nje. Walimchukua siku niliyokuwa Maskati, Ijumaa yangu. Nilirudi jioni nikakuta kitanda kimevuliwa mashuka. Hatukuagana.

Nilibaki na Abla mwaka mmoja zaidi, mkataba ukaisha, nikasema sasa narudi kwa watoto wangu. Siku mbili kabla ya kupanda ndege Abla akanipeleka Manah.

Alinishusha mlangoni, yeye akapitia jikoni kumsalimia wifi yake. Nikavua viatu, nikaingia peke yangu. Bibi alikuwa amekaa kwenye godoro karibu na dirisha, amepungua, mtandio mweupe. Mbele yake kuna birika la kahawa na vikombe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia nimekuja na Abla.

"Karibu. Kaa kitako. Jitilie mwenyewe kahawa, watu wa nyumba hii wavivu."

Nikatia yake, nikatia yangu. Alikuwa anatazama mkono wangu.

"Umezoea kutilia watu."

"Nimefanya kazi nyumba za watu, Bibi."

"Aa." Akanywa. "Na mimi nalikuwa na mtu wangu, kule Ibra. Mtu wa bara. Mkristo."

Nikaweka kikombe chini. "Alikuwaje?"

"Mkaidi! Nilimwambia asilimu mpaka koo likakauka. Hataki. Anakutazama hivi, upole mtupu, na hataki. Chai hajui kupika. Wali unamganda." Akaishia hapo. Macho yalitoka kwangu yakaenda dirishani, nikadhani ndiyo imekwisha, ameshapotea. Akaendelea polepole. "Lakini alikuwa na Mungu wake mle ndani ya nyumba. Waingia jikoni, wamkuta anazungumza naye, sufuria mkononi. Mimi nikipita sijitii kati. Mtu ana mgeni wake."

Nikamwongezea kahawa.

"Kaenda wapi, sijui," akasema. "Watu wa kazi ndivyo walivyo. Wanaondoka, hawaagi."

"Labda alikuja kuaga, Bibi."

"Hakuja." Alikuwa na hakika. "Wewe wamjua?"

Ningeweza kumwambia. Ulimi ulishafika. Lakini nilimwona alivyokuwa ameshika ile habari, imekaa vizuri mkononi mwake, na mimi mwenyewe ningeimwaga.

"Namjua kidogo," nikasema.

"Basi ukimwona, mwambie aniombee. Yule alikuwa hachoki."

"Nitamwambia, Bibi."

"Usisahau. Mimi siku hizi nasahau."

Abla akaita nje. Nikaubusu mkono wake, akaniombea safari njema, kwa adabu, kama anavyoombewa mgeni yeyote. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni, vimechanganyika na vya watu wa nyumba. Nilianza kumwombea kabla sijavipata.